Mama Anauliza Kama Mmeshinda

Valdemar, Hispania
12 Juni 1981

Kwa dada yangu mpendwa Tryphena,

Pokea salamu zangu kutoka huku ng'ambo. Mimi ni mzima. Nilikohoa mwezi wa tatu wote kwa ajili ya baridi, lakini sasa jua limetoka na kifua kimefunguka. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na ile cherehani bado inazunguka pale kibarazani sokoni. Mpe Mama pole ya mguu. Mwambie asikanyage umande asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema nimesahau nyumbani. Dada, sijasahau. Nakumbuka Mama alivyouza ng'ombe wake mwekundu ili mimi nipate kitabu cha ubaharia, na hiyo ni miaka saba sasa. Ningekuwa nimerudi zamani kama ile meli yetu isingekamatwa hapa bandarini kwa madeni ya mwenyewe, sisi tukashushwa na mabegi yetu. Lakini Mungu hamtupi mja wake. Tangu mwaka wa sabini na saba mimi ni dobi wa klabu ya mpira ya mji huu, na jezi za Valdemar hakuna azijuaye kuliko mimi. Nikiangalia matope tu ya kaptura najua nani alikimbia na nani alikuwa anazurura.

Mwaka huu tumemaliza wa tano, divisheni ya pili. Wanaopanda ni watatu. Umeona tulivyokaribia? Mwenyekiti wetu, Don Anselmo, mtu wa saruji na kokoto, amesema uwanja wa zamani ulio katikati ya mji utauzwa kwa watu wanaojenga maghorofa, kisha tujenge mkubwa kule nje, na chenji itakayobaki italipa kila mtu. Huku klabu si ya tajiri mmoja. Ni ya wanachama, wao ndio humchagua mwenyekiti kwa kura. Wote waliinua mikono.

Mshahara umechelewa kidogo, ndiyo sababu sijatuma kitu. Krismasi nitakuwa Mwatate, nikae na Mama mwezi mzima. Mwambie hivyo hivyo nilivyoandika.

Ni mimi mdogo wako,
Obadiah

*

S.L.P. Voi
20 Julai 1981

Kwa Obadiah,

Salamu zako zimefika. Sisi tupo. Watoto wamefunga shule, wanakula kama nzige. Mvua ilipita juu ikaenda zake Taveta. Mama anakusalimu sana sana. Mguu haujapona, kile kidonda cha kifundoni kinafunga leo, kesho kinafunguka. Nilimpeleka hospitali ya Wesu wakampa dawa ya kupaka na maneno mengi.

Nilimsomea barua yako vile vile ulivyoiandika. Aliposikia Krismasi alisema nimsomee tena hapo pa Krismasi.

Sasa nikuambie la hapa, ucheke. Vijana wa reli na wa sokoni wameunda timu, na kwa sababu yako wameiita Valdemar. Kapteni ni Donald, yule mwanawe fundi wa magurudumu. Jumamosi walienda kucheza Maungu wakafungwa sita. Donald ameniomba nikuandikie mtume jezi, maanake wanacheza na shati za shule. Nimemwambia nitaandika, na nimeandika.

Lingine. Mjomba Mwandawiro alikuja kumwona Mama. Anasema mguu hauponi kwa dawa ya kupaka kwa sababu moyoni mwa Mama mna hasira yako wewe, na hasira ya mzazi haikai bure, huumiza aliye nayo na aliyeileta. Anataka Mama afanye kutasa: achukue maji ya miwa mdomoni, ateme, aseme maneno ya heri, hasira imwishe. Mimi ni mtu wa Umoja wa Wamama, unajua, mambo hayo nimeyaacha kwenye kizingiti cha kanisa. Lakini Mama ndiye aliyekataa. Alisema, "Nitatema siku atakaposimama hapa mbele yangu. Siwezi kutemea upepo."

Basi njoo. Ahadi ni deni.

Dada yako,
Tryphena

*

Valdemar
3 Februari 1982

Dada Tryphena,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshazeeka mwaka wenyewe. Naomba radhi kwa kimya. Sikuja Krismasi kwa sababu zisizo ndani ya uwezo wangu, nawe ni mtu mzima, unaelewa. Mama anaendeleaje? Hao Valdemar wa Voi nimewacheka mpaka Benito, mkubwa wangu wa stoo, akaniuliza kama nimepata barua ya mapenzi. Waambie sita si kitu. Sisi tuliwahi kufungwa saba na timu ya mji wa migodi, na sisi tulikuwa tunalipwa mishahara.

Mwezi wa sita Kombe la Dunia linachezwa hapa Hispania. Mji wetu haukuchaguliwa kwa mechi, lakini Don Anselmo anasema lazima taifa fulani litakuja kufanya mazoezi kwetu, kwa hiyo uwanja mpya unajengwa mchana kutwa. Ameazima pesa benki mbili. Ukipita pale unaona vyuma vimesimama vingi kuliko miti ya mkonge.

Na nina habari njema. Nimepewa kadi ya mwanachama. Ina picha yangu, ina mhuri, namba mia nne na kumi na mbili. Mwafrika wa kwanza katika klabu hii! Sasa mimi si dobi tu, ni mwenye mali. Mwambie Mama mtoto wake ana sehemu katika uwanja wa watu elfu ishirini.

Mdogo wako,
Obadiah

*

Voi
15 Machi 1982

Obadiah,

Tu wazima. Mama anakusalimu.

Kadi hiyo inaliwa na mboga gani? Mama ameishika hiyo habari akaigeuza huku na huku, mwishowe akaniuliza, "Uwanja huo una nyasi?" Nikasema ndiyo. "Basi alete ng'ombe wangu alishe huko."

Nami nina swali langu. Kadi ya namna hiyo haitolewi kama peremende. Uliipata kwa nini? Umeandika umepewa, hukuandika umelipa. Naomba unijibu hilo kabla ya Kombe la Dunia.

Tryphena

*

Valdemar
6 Septemba 1982

Dada yangu,

Nilisikia redioni jaribio la mapinduzi la Nairobi la Agosti mosi, sikulala siku mbili. Natumaini Voi hapakutokea neno na reli bado inapita. Niandikie upesi mniondoe wasiwasi. Mama hajambo? Mguu je?

Kombe la Dunia limepita. Hakuna taifa lililokuja kufanya mazoezi kwetu. Walikuja waandishi wawili, wakapiga picha vyuma, wakaenda kula samaki. Lakini usidhani ni sisi peke yetu tulio hivi. Hispania nzima klabu zinadaiwa. Zile kubwa zinazoandikwa magazetini nazo zinadaiwa, ila deni la mkubwa huitwa mipango. Barcelona wamemnunua kijana mmoja wa Argentina kwa pesa ambazo Benito alijaribu kuzihesabu kwa vidole vya watu wote wa stoo, tukashindwa. Wiki hiyo hiyo sisi tuliambiwa sabuni ipunguzwe.

Mambo yatageuka. Mwaka huu tuna mshambuliaji mzuri, tumemwazima. Tukipanda divisheni ya kwanza, pesa za televisheni zitaingia, na zile za kamari ya kubashiri mechi, na mabenki yatatuamkia. Siku hiyo hiyo nakata tiketi. Basi mwambie Mama aombe tu tushinde.

Obadiah

*

Voi
23 Januari 1983

Kwa ndugu yangu Obadiah,

Hapa Voi mwezi wa nane palikuwa na askari barabarani siku chache, basi. Watoto wamerudi shule, wa kwanza ameingia kidato cha pili. Tembo wamevunja ua wa jirani. Mama anakusalimu, na sasa anakusalimu akiwa hapa hapa kwangu, kwa sababu nimemshusha kutoka Mwatate. Mguu umekuwa mzito, hawezi tena kushuka mtoni. Nyumba na kuku wake amemwachia Mjomba, na kila siku ananiuliza kama kuku wanahesabiwa.

Obadiah, ungejua ulichomfanya mama yako kwa lile neno lako. Ulisema aombe mshinde. Tangu hapo kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, "Wameshinda?" Mama ambaye maisha yake yote hajaona mpira ila ule wa matambara. Mwanzo nilimwambia sijui, akanuna mpaka jioni. Sasa namjibu tu. Jumapili iliyopita nilimwambia wametoka sare.

"Sare ni nini?"

"Hakuna aliyeshinda, Mama, wala aliyeshindwa."

Akafikiri. "Kwa hiyo anakuja nusu?"

Nilitoka nje nikacheka, na nilipomaliza kucheka nikajikuta nalia kando ya kamba ya nguo. Nina hasira nawe na sitaki kuificha. Miezi kumi imepita tangu nikuulize uliipataje kadi, umenijibu habari za Argentina.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi hapa tumbo limeshauma.

Tryphena

*

Valdemar
30 Mei 1983

Dada Tryphena,

Sina salamu ndefu leo. Mimi ni mzima wa mwili.

Jana ilitimia wiki tangu mechi ya mwisho. Tukishinda tunapanda, wa tatu. Uwanja ulijaa, watu walikaa hadi juu ya paa la nyumba yangu ya kufulia. Mpaka dakika ya themanini na tano tulikuwa tunaongoza moja bila. Don Anselmo alishaleta bendi. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo, na nikuambie kweli, sikuona mpira, niliona stesheni ya Voi, nikamwona Mama amekaa kwenye benchi. Halafu kipa wetu akatoka langoni bila sababu. Moja moja. Sare, dada. Ile ile sare ya Mama. Bendi ilirudisha tarumbeta kwenye mifuko.

Sasa nakujibu swali lako, maana sina tena pa kulificha.

Mwishoni mwa mwaka wa themanini na moja klabu ilikuwa imenikalia mishahara ya miezi kumi na moja. Don Anselmo alituita sisi wafanyakazi mmoja mmoja. Mezani aliweka vitu viwili: bahasha na kadi. Bahasha ilikuwa nusu ya haki yangu, pesa taslimu, ukitia sahihi umesamehe nusu nyingine. Ilitosha tiketi ya kuja nyumbani, na nguo ya Mama, na kitu kidogo mkononi. Kadi ilikuwa haki yangu yote imegeuzwa kuwa sehemu ya uwanja mpya. Watu wa maghorofa wakilipa, aliye na kadi analipwa mara mbili.

Nilichukua kadi.

Si tamaa tu, dada, nisikilize. Nilifikiri kama mtu wa kwetu. Kwetu mtu wa ukoo hafukuzwi. Hata akikosa, hata akipotea, sehemu yake ya shamba ipo. Nikasema, dobi wanaweza kumdhulumu, lakini nani atamdhulumu mwenye mali? Wananchi wa mji huu hawajawahi kuniita kwa jina langu, nami siku ile wakaniita mwanachama. Kumbe klabu ikiwa na deni, mwanachama ndiye mwenye deni. Mwezi uliopita wametuandikia barua sote wenye kadi, tuchange kuiokoa.

Umeuliza nimeipataje. Basi ndivyo. Usimsomee Mama.

Obadiah

*

Voi
18 Julai 1983

Obadiah,

Mama anakusalimu.

Sikumsomea. Nilimwambia barua ilikuwa ya habari za hali ya hewa. Ameniuliza kama mlishinda mechi kubwa, nikamwambia sare, akageukia ukutani.

Nimekaa na barua yako majuma matatu nikitafuta la kukuandikia. Nimeshona sare za shule arobaini, na kila mshono nilikuwa nakutukana. Krismasi ile alikuwa ameniambia nimshonee gauni la kukupokelea, la kitambaa cha maua ya samawati. Nilimshonea. Alishuka hapa kwangu kukungoja, akalivaa kuanzia tarehe ishirini hadi tarehe tatu Januari, nalifua usiku analivaa asubuhi. Na wewe bahasha ilikuwa mezani mbele yako. Tiketi ilikuwa mezani.

Huyo Anselmo simlaumu. Yeye ni mtu wa saruji. Wewe ni mtoto wa huyu mama.

Sina zaidi.

T.

*

Valdemar
11 Machi 1984

Kwa dada Tryphena,

Salamu kwako, kwa watoto, kwa Mama, kwa Mjomba Mwandawiro. Hujaniandikia tena tangu mwezi wa saba. Nastahili. Lakini hata barua ya matusi ni barua, ningeipokea.

Sisi tunashuka mwaka huu, hilo halina ubishi. Wachezaji wazuri wameuzwa ili kulipa riba, na tulipowauza hao tukafungwa, na tulipofungwa watu wakaacha kuja, na walipoacha kuja riba ikakosa pa kutoka. Mtoto mdogo angeliona hilo, ila wale waliosoma hawakuliona. Umeme wa nyumba ya kufulia umekatwa. Nafua kwa mkono, maji baridi, jezi za watu ishirini na wawili.

Mshahara sasa tunalipwa kwa vitu. Benito alipewa nyavu za magoli. Mimi nimepewa jezi kuukuu kumi na tano za msimu wa themanini na mbili, zile nyeupe zenye mstari wa kijani, jina la benki limeandikwa kifuani. Nimezituma kwa meli leo. Zimetobokatoboka lakini wewe una cherehani. Mpe Donald, umwambie nimechelewa lakini nimekumbuka. Ni kitu pekee nilichonacho, dada. Usiwaambie ni mshahara wangu.

Nafanya kazi ya kupakua samaki alfajiri bandarini, naweka kidogo kidogo. Sikutajii tena Krismasi wala mwezi.

Mama bado anauliza kama tumeshinda?

Obadiah

*

Voi
9 Septemba 1984

Kwa Obadiah,

Hatujambo. Mwaka huu ni wa njaa, pengine umesikia. Mvua ya masika haikuja kabisa, mbuzi wanakufa barabarani kutoka hapa mpaka Maungu, na serikali imeleta mahindi ya manjano ambayo watoto wanayala wameziba pua. Mjomba Mwandawiro amekonda lakini yupo, anakusalimu. Watoto wanakusalimu.

Mzigo wako wa jezi ulifika mwisho wa mwezi wa sita. Nilizishona palipotoboka, nikatoa lile jina la benki kwa wembe, maana sikuona kwa nini vijana wetu watembee wametangaza deni la watu. Bado panaonekana kivuli cha herufi. Donald na wenzake walishukuru mpaka wakanikera. Mara ya kwanza walizivaa Jumamosi ya tarehe kumi na nne Julai. Haikuwa mechi. Ilikuwa kazi nzito ya juani, tangu asubuhi hadi saa tisa, na ardhi mwaka huu imekauka, sululu inaruka. Walijitolea wote kumi na tano, hawakudai hata chai. Nikuambie, walikaa vizuri, wameshikana sawa, hakuna aliyeteleza. Siku ile nilijivunia jezi zako.

Umeuliza kuhusu Mama. Mguu haumsumbui tena. Na matokeo haulizi.

Dada yako,
Tryphena

*

Valdemar
21 Oktoba 1984

Dada yangu Tryphena,

Salamu sana. Nimefurahi kuona mwandiko wako kwenye bahasha. Nimefurahi zaidi mguu wa Mama umepona. Nilimwambia Benito, akanifungulia chupa. Ila nimesoma barua yako yote nikarudia, na salamu ya Mama sikuiona. Watoto wananisalimu, Mjomba ananisalimu. Najua bado ana hasira. Ni haki yake.

Sasa sikia. Mwezi wa tisa wachezaji wa Hispania nzima waligoma kwa ajili ya mishahara na madeni. Klabu zikachezesha watoto wa timu ndogo, watu wakaenda kutazama watoto. Kwetu hata watoto walikataa. Basi tukafa. Don Anselmo amejiuzulu, anasema ni moyo. Uwanja mpya haukuwahi kupata paa, benki imeuchukua na vyuma vyake. Wa zamani walikuja kuubomoa wiki iliyopita, wale wa maghorofa, na tingatinga lilianzia kwenye nyumba yangu ya kufulia.

Sisi wenye kadi tulipanga foleni langoni. Unajua tulilipwa nini? Viti. Kila mwanachama aliruhusiwa kung'oa kiti kimoja chenye namba ya kadi yake na kwenda nacho. Wazee walikuwa wanalia, wamebeba viti kichwani katikati ya mji. Nami nilikwenda na bisibisi nikang'oa changu. Namba mia nne na kumi na mbili. Ni cha mbao, kimepakwa kijani, kinakunjika, kina pa kuegemea. Miaka saba ya kufua, dada, na mimi ni tajiri wa kiti kimoja.

Lakini nakuja. Pesa za samaki zimetimia, na nahodha wa zamani wa timu yetu aliongeza zilizopungua. Alisema hakuna mwingine aliyejua jasho lake kama mimi. Nitaingia Mombasa kati ya tarehe ishirini na ishirini na tatu Desemba. Kiti nakuja nacho. Nimekipima, kitakaa vizuri kwa mtu wa mguu mbovu, hakiko chini sana. Nitakiweka nje kwako asubuhi apate jua, aegemeze mgongo, nami nitasimama mbele yake kama alivyosema, atase, ateme, na iishe. Nimeota hilo mara nyingi kuliko nilivyoota kupanda divisheni.

Usimwambie. Nataka anione tu.

Obadiah

*

Voi
18 Novemba 1984

Obadiah,

Leo sina salamu za kukupa kwanza.

Mama alikufa tarehe kumi na mbili Julai, Alhamisi, saa nne asubuhi, hapa kwangu. Kidonda kilikuwa kimeingia mfupani. Tulimzika tarehe kumi na nne, Mwatate, kando ya Baba. Waliochimba kaburi ni Donald na timu yake, na waliombeba kutoka barabarani mpaka shambani ni wao. Walikuja wamevaa jezi zako kwa heshima, kwa sababu hukuwapo, wakasema angalau nguo ya mtoto wake imshike. Nilikuandikia kwamba hakuna aliyeteleza. Ndivyo ilivyokuwa.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Siku ya mazishi nilikwenda posta kabla ya kupanda Mwatate nikaandika simu ya maneno matano, nikaichana pale pale kaunta. Mama alikuwa amenikataza. Alisema, "Usimwandikie. Akija, aje kwa kuwa anataka kuja. Asije kwa sababu ya kilio." Basi nikangoja kuona kama utataka. Sasa umetaka, na mimi nimeshindwa kufurahi.

Nikuambie lote, nisibakishe, maana kubakiza ndiko kulikotufikisha hapa.

Jumapili yake ya mwisho aliniuliza kama mmeshinda. Nikamwambia, Mama, mwezi wa saba hawachezi, wanapumzika. Akasema, "Kumbe huwa wanapumzika. Na yeye haji hata wakipumzika." Miaka miwili nilimdanganya kwa sare na ushindi ambao sikuujua, na katika yote hayo sikuwahi kumwambia kwamba mpira una likizo.

Jumanne Mjomba Mwandawiro alikuja na miwa aliyoitafuta bondeni kwa shida, mwaka huu wa ukame, mitatu myembamba. Akaikamua kwenye kibuyu. Alimwambia Mama, "Dada, usiende na kitu hiki. Mtoto yuko mbali lakini maneno yatafika." Nami, mtu wa Umoja wa Wamama, ndiye niliyemwinua nikamshika mgongo. Mama alikubali. Alivaa lile gauni la samawati. Akataka ageuzwe aelekee reli ya Mombasa, kwa sababu ndiko ulikopitia. Akachukua maji ya miwa mdomoni, mashavu yakajaa. Tukangoja. Mjomba akasema, "Tema, dada." Machozi yalikuwa yanamtoka, mashavu yamejaa. "Tema." Akatikisa kichwa. Halafu nikasikia koo lake likishuka, kwenye mkono wangu huu niliomshikia.

Alimeza.

Akasema, "Sitaki kumdanganya Mungu. Bado ninayo." Hakuchukua mara ya pili.

Mjomba anasema hasira hiyo haikuzikwa. Anasema imerudi kwangu, mimi mkubwa wako, na ni mimi wa kuitoa. Sikubishana naye. Naijua ilipo. Nikiwa cherehanini naisikia.

Mimi nitakuwa stesheni kila siku kuanzia tarehe ishirini. Donald na wenzake wanataka kuja na jezi kukupokea, nimewakatalia, waje kawaida. Kiti kilete, usikiache Mombasa wala usimpe mtu. Tutapanda nacho Mwatate mimi na wewe na Mjomba. Tutakiweka kando ya kaburi, wewe ukae juu yake, nami nitasimama mbele yako na maji ya miwa mdomoni.

Sijui kama nitatema au nitameza.

Dada yako,
Tryphena